Kiatu Kimoja cha Kulia

Kumb: UTH/ZAH/NDOA/1
Landless, Thika
13 Mei 2024

Kwa mwanangu Zahra,

Assalamu alaikum. Natumai wewe na mama yako hamjambo huko Ruiru, na kwamba ule mfereji wenu umeanza kutoa maji badala ya upepo. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Sukari inapanda na kushuka kama kawaida yake, na jirani yangu Gachanja bado ananishinda drafti kwa kuhamisha kete nikienda chooni.

Nakuandikia kwa taipureta kwa sababu mambo ya ndoa hayazungumzwi kwenye simu. Nimefanya ukarani kiwandani miaka thelathini na mmoja na sijawahi kuona neno la simu likiwekwa kwenye faili. Barua hii atakuletea Nduku, yule jirani yenu muuza mayai, ambaye huja huku Thika Jumanne na Ijumaa.

Sasa tuingie kwenye kiini. Marehemu baba yako hayupo, kaka huna, kwa hiyo kukuozesha ni juu yangu mimi ndugu yake mkubwa. Nimekubali kwa moyo mweupe. Kijana Ibra nimemuulizia: anasali, anauza suti, na hana mke aliyemficha mahali. Lakini nimeitazama picha mliyonitumia ya siku ya posa. Nimeitazama kwa miwani yangu, kisha nikaongeza ya Gachanja juu yake. Miguuni amevaa viatu visivyo na kamba. Viatu vya kutumbukiza mguu tu, kama mtu anayekwenda kuoga.

Zahra, mwanamume anayekwenda kuoa huvaa viatu vya kamba. Hili halina mjadala. Ibra akija kwenye nikahi na hivyo vyake vya kutumbukiza, mimi sitakuwepo, na bila mimi hakuna nikahi.

Tafadhali jibu kwa maandishi.

Baba yako Mkubwa,
(muhuri) UTHMAN S. – LANDLESS


Ruiru
26 Mei 2024

Baba Mkubwa wangu mpenzi,

Shikamoo. Wa alaikum salaam. Huku sote tuko salama. Mama anakusalimu sana, goti lake linamsumbua tu wakati wa kufua, wakati wa kula limepona kabisa. Mfereji bado ni upepo. Barua yako imekaa kwa Nduku siku tisa kwa sababu aliifunika na trei ya mayai akaisahau, kwa hiyo usidhani nimekupuuza.

Nilipoisoma nilicheka, nikijua ni utani wako. Kisha nikaona umeweka muhuri. Nikaacha kucheka.

Nimemweleza Ibra. Unajua yeye kuvalisha maharusi ndiyo kazi yake, ana majibu ya kila kitu kuanzia kola hadi soksi. Alisema hivi, namnukuu: "Mwambie mzee hii trouser ya siku hizi inaishia hapa juu. Ukiweka kiatu ya kamba hapo chini, macho ya watu yote inashuka kwa miguu. Kamba ni ya ofisi na mazishi. Harusi ya mchana ni slip-on, hiyo ndio imeshika." Halafu akachora mchoro, lakini sikutumii, hajui kuchora.

Na mimi nina hoja yangu, Baba Mkubwa. Nikahi ni msikitini. Viatu vinavuliwa mlangoni. Hakuna atakayeviona! Tunagombania kitu kitakachobaki nje juani. Pia kumbuka mimi ni mwalimu wa chekechea. Siku nzima nafunga kamba za watoto arobaini. Unataka nikifika nyumbani nianze na za mume?

Tarehe tumeshapanga, Jumamosi ya tarehe saba Septemba. Tafadhali legeza kidogo.

Na mbona barua zako siku hizi hazina sahihi? Ile sahihi yako yenye mkia mrefu nilikuwa naipenda.

Mwanao,
Zahra


Kumb: UTH/ZAH/NDOA/2
Landless, Thika
10 Juni 2024

Kwa mwanangu Zahra,

Assalamu alaikum. Nimepokea barua yako nikafurahi kwa mambo ya goti. Huku tumepata mvua ya siku mbili, na Gachanja amenunua jogoo anayewika saa nane mchana. Nimemwandikia barua kuhusu hilo pia, hajajibu, na anaishi mlango wa pili.

Unasema viatu hubaki mlangoni. Hapo ndipo ninapokukosoa. Mlangoni ndipo mtu anapojulikana. Ndani wote tumekaa chini, wote tuna soksi, huwezi kumjua mkubwa wala mdogo. Lakini mlangoni utaona nani ana subira ya kuinama na nani anarusha viatu kama anafukuzwa. Mwenye viatu vya kutumbukiza hainami kamwe. Hana sababu ya kuinama, wala hampi mtu mwingine sababu. Siwezi kukuoza kwa mtu wa namna hiyo.

Lakini mimi si mkatili. Nimeamua kumpa Ibra nafasi. Pamoja na barua hii Nduku ana kifurushi chenye kiatu kimoja cha kulia, cheusi, namba tisa, cha ngozi. Ni changu. Ibra akifunge kamba zake vizuri, fundo imara la masikio mawili, kisha kirudishwe kwangu kikiwa kimefungwa hivyo hivyo. Asikifungue tena kwa sababu yoyote. Nikiridhika na fundo, tutaendelea kuzungumza.

Cha kushoto hakitatumwa. Msiulize.

Baba yako Mkubwa,
(muhuri) UTHMAN S. – LANDLESS


Ruiru
24 Juni 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Idd njema, japo imepita. Tulikungoja kwa pilau hadi wali ukashikana, ukasema kwa Nduku kwamba una kazi nyingi. Kazi gani, Baba Mkubwa? Umestaafu tangu niko darasa la sita. Mama alikuwekea mfupa, mwishowe akala mwenyewe na kusema ni kwa niaba yako.

Kiatu kimefika. Hatukulala kwa mawazo. Mama anasema ni aina ya mahari ambayo hajawahi kuisikia. Ibra alimuuliza sheikh kama kuna hukumu ya kiatu kimoja, sheikh akamwambia arudi nyumbani akapumzike. Hatimaye tukakubaliana ni mtihani. Ibra alikiosha, akakipaka rangi mara tatu, akakinunulia kamba mpya, akafunga fundo imara mbele yangu na Mama kama mashahidi. Akakizungushia karatasi ya suti. Nduku anakuletea pamoja na barua hii.

Zaidi ya hayo, Ibra alijitahidi mwenyewe bila kuombwa. Siku ya Idd alivaa viatu vya kamba vya dukani kwake ili akuridhishe. Baada ya swala alikaa kwenye ngazi ya msikiti kuvifunga na foleni nyuma yake ikafika hadi kwenye choo. Watu wakaanza kumruka. Mzee mmoja alimwambia, "Kijana, hiyo kamba unafunga ama unasuka?" Kwa haraka na aibu akavaa cha kulia chake na cha kushoto cha mtu, kwa sababu viatu vyeusi vya kamba vyote vinafanana, akatembea hadi nyumbani akichechemea. Mwenyewe bado hatujampata. Kwa hiyo sasa Ibra naye ana kiatu kimoja, Baba Mkubwa. Labda mnaweza kuelewana.

Naomba jibu la haraka. Inabidi tulipie viti na hema.

Zahra


Kumb: UTH/ZAH/NDOA/3
Landless, Thika
15 Julai 2024

Zahra,

Salaam. Sisi wazima.

Nimepokea kiatu. Kilikuwa wazi kabisa, kamba zimening'inia pande zote, na ndani yake kulikuwa na mayai sita.

Nilikuwa na mambo mengi ya kusema lakini nimeyafuta. Uliniandikia kwamba Ibra alikifunga mbele ya mashahidi. Kumbe mlikaa Ruiru mkamchekelea mzee wa watu, mkamjazia mayai kwenye kiatu kama kuku anayetaga. Sikutegemea hilo kutoka kwa mtoto wa ndugu yangu.

Sitakuja Septemba. Tafuteni mtu mwingine.

Mayai nimeyala. Hilo lisitafsiriwe kuwa nimesamehe.

(muhuri) UTHMAN S. – LANDLESS


Ruiru
20 Julai 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Leo sitakueleza habari za goti wala mfereji.

Wallahi Ibra alikifunga. Niliposoma barua yako nilikwenda mbio kwa Nduku. Nilimkuta anapanga trei zake, wala hakushtuka. "Trei ilikuwa imejaa," akaniambia. "Hiyo mayai ya kienyeji ningeweka wapi, kwa mfuko? Nikaona kiatu imekaa tu bure. Nikafungua kamba kidogo nikaweka hapo ndani. Halafu nikasahau kutoa. Na si hakuna hata moja ilivunjika?" Alitaka nimshukuru. Kwa hiyo hakuna aliyekucheka. Ni Nduku tu.

Nimemweleza sheikh kwamba unakataa kuja. Akasema kuna njia: uandike barua ya kumpa mtu mwingine uwakala, uiwekee muhuri wako, naye atasimama mahali pako. Sikuitaka hiyo njia lakini nakuletea, kwa sababu zimebaki wiki saba na mimi silali. Baba alipokufa nilikuwa na miaka tisa. Wewe ndiye uliyenipeleka shule ukiwa umeshika daftari zangu, na viatu vyako vikilia kwenye barabara. Nikifikiria kukaa upande wa wanawake siku ile na kusikia sauti ya mtu mwingine ikisema nimekuoza, naiweka kalamu chini.

Lakini pia nimekasirika, Baba Mkubwa, na nitasema. Nduku ameniambia jambo. Anasema amekuona Ijumaa tatu mfululizo ukipita nyuma ya soko kwenda msikitini, na miguuni umevaa patipati, zile ndala za mpira. Za bluu. Anasema unaingia mapema, unakaa nyuma kabisa, na unatoka wa mwisho.

Umenitesa miezi miwili kwa ajili ya viatu vya kamba, na wewe mwenyewe unakwenda swala ya Ijumaa na patipati? Kuna nini? Usiniwekee muhuri. Nijibu.

Zahra


Kumb: UTH/ZAH/NDOA/4
Landless, Thika
18 Agosti 2024

Kwa mwanangu Zahra,

Assalamu alaikum. Nimechelewa mwezi mzima kujibu. Si Nduku. Nduku amekuja hapa kila Jumanne na Ijumaa kuuliza kama barua iko tayari, na kila mara nimemwambia arudi. Jogoo wa Gachanja amekufa, mimi sikuhusika.

Barua ya kumpa mtu uwakala sitaandika. Nimepiga muhuri kwenye mambo mengi maishani, hata vitu ambavyo sikuvisoma. Lakini kukuoza wewe kwa muhuri, hapana.

Sasa nitasema, na ikishasemwa usiirudie mbele ya watu.

Vidole vyangu vimekufa ganzi, ni hii sukari. Vinaweza kugonga taipureta, haviwezi kubana kitu chembamba. Ndiyo maana huoni sahihi. Na kiuno kilikataa kukunja tangu mwaka wa tisini na nane, nilipoinua kabati la mafaili peke yangu ili kumwonyesha bwana mkubwa kwamba naweza. Tangu siku hiyo viatu vyangu alivifunga Mama yako Mkubwa. Kila asubuhi Mwanarusi alichuchumaa hapo mlangoni, akafunga cha kulia, akafunga cha kushoto, akavuta kamba mpaka nipige kelele, akasema, "Haya, toka, umenichosha." Miaka ishirini na minne. Sikuwahi kumwambia asante, kwa sababu nilidhani ni jambo dogo.

Asubuhi ile ya mwisho alivifunga nikaenda kliniki kuchukua dawa. Niliporudi nilikuta watu uani. Baada ya maziko nilivivua bila kuvifungua. Tangu hapo, Zahra, ninavivaa vikiwa vimefungwa. Naingiza mpini wa mwiko nyuma ya kisigino, nasukuma mpaka mguu uingie. Ndiyo. Baba yako Mkubwa anatumbukiza. Ninatumbukiza kuliko Ibra.

Mwezi wa Machi kamba ya kulia ilifunguka kwenye ngazi ya msikiti. Ningeweza kumwambia Gachanja anifungie, lakini Thika nzima ingejua kabla ya adhuhuri. Ndipo nikanunua zile patipati. Kisha nikaiona picha ya Ibra, nikaona viatu ambavyo mke hataombwa kamwe kuvifunga, nikakasirika kwa niaba yako. Nilidhani unaolewa na mtu ambaye hutapata siku ya kumchuchumalia wala yeye kukuchuchumalia. Pia, nitasema ukweli, nilitaka mtu anifungie kile cha kulia bila kujua kwamba ananifungia.

Cha kushoto bado kina fundo la Mwanarusi. Ndiyo sababu sikukituma.

Ibra avae anachotaka. Nitakuja. Lakini hili usimwambie. Mkwe akijua udhaifu wako siku ya kwanza, atakuletea uji mpaka ufe.

Baba yako Mkubwa,
(muhuri)


Ruiru
24 Agosti 2024

Baba Mkubwa wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Mama mzima. Mimi nimelia mpaka watoto wa darasa langu wakaniuliza ni nani amenipiga, nikawaambia ni barua.

Nisamehe kwa maneno ya patipati.

Nitakuja Alhamisi ya tarehe tano, peke yangu, mchana. Utaniwekea kiatu cha kulia juu ya meza nami nitakifunga fundo ambalo hata Nduku hatalifungua. Cha kushoto sitakigusa, sitakitazama hata. Jumamosi utasukuma miguu kwa mwiko wako, utapanda gari, utafika Ruiru umevaa kama zamani. Mlangoni utavivuta tu kwa kisigino, hakuna atakayejua.

Ibra sijamwambia na sitamwambia. Ameuliza mara moja kwa nini umekubali ghafla, nikasema ni kwa sababu ya mayai. Ameamini.

Mwanao,
Zahra


Landless, Thika
Jumanne, 10 Septemba 2024

Kwa mwanangu Zahra, sasa mke wa mtu,

Assalamu alaikum. Natumai umeamka salama katika nyumba yako mpya, na kwamba huko mfereji unatoa maji. Mwambie mama yako pilau ilikuwa nzuri, na mfupa safari hii nimeula mwenyewe. Gachanja alikula sahani tatu na kuniuliza kama una dada.

Kuna jambo ambalo hukuliona, kwa kuwa ulikuwa upande wenu wa wanawake, na huenda Ibra hakukuambia kwa sababu kwake halikuwa jambo.

Tulifika mlangoni pamoja. Yeye alikuwa na vile vyake vya kutumbukiza, vya rangi ya kahawia. Alivivua kwa kisigino tu, paa, paa, bila kuinama, nami nikajisemea moyoni, si nilisema? Kumbe alikuwa anaharakisha ili mikono yake iwe huru. Kabla sijainua mguu alikuwa ameshapiga magoti mbele yangu na suti yake ya harusi, kwenye lile vumbi, watu wakingoja nyuma. "Baba, wewe simama tu, usisumbuke, niko hapa." Akavuta kamba ya kulia, ya kwako. Kisha akashika ya kushoto.

Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Ningesema neno moja angeacha. Lakini ningesema nini, na wewe hukumwambia kwa sababu mimi nilikukataza? Nilitazama upara mdogo alionao kwenye utosi, ambao nadhani hujauona bado, nikamwona jinsi anavyovuta polepole, kama anayeogopa kuniumiza. Miaka miwili nimekilinda kile kiatu. Fundo lilifunguka kwa mvuto mmoja tu, bila sauti.

Nikaingia ndani na soksi. Nikakaa mbele ya sheikh, nikaushika mkono wa Ibra, nikakuoza. Watu walisema nililia kwa furaha ya mtoto wa ndugu yangu. Nililia kwa ajili yako, ndiyo, na kwa Mwanarusi, na sikuweza kuwatenganisha.

Tulipotoka alipiga magoti tena. Vyake alikuwa hajavivaa. Foleni nzima ikasimama, mtu mmoja akaguna, Ibra akamwambia angoje, huyu ni baba yangu. Akavifunga vyote viwili. Anafunga vibaya sana, Zahra. Sikio moja refu, jingine fupi, na alikaza mpaka nikahisi vidole vya mguu ambavyo sijavihisi tangu mwaka jana. Akauliza, "Imekaza sana?" Nikamwambia hapana.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Sasa kuna shida ndogo. Yale mafundo yake yote mawili yamefunguka leo asubuhi, na Ijumaa inakaribia. Mwambie Ibra aje kabla ya saa sita anifungie. Avae viatu vyovyote. Awe anakuja kila Ijumaa ikiwezekana, kwa sababu fundo lake halidumu.

Usimwambie kwamba nimeyafungua mwenyewe. Imenichukua saa nzima, kwa meno.

Baba yako Mkubwa,
Uthman